Tovuti ya Shangazi Futi

Katika ukoo wao hakuna aliyekumbuka kumwita jina lake. Kwa wote alikuwa Shangazi Futi, maana ile futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata akiwa jikoni. Ndugu zake aliwashonea yeye, na kwa kuwa walikuwa wametawanyika miji mbalimbali, alijifundisha kutengeneza tovuti ya familia. Kila ndugu alikuwa na ukurasa wake: jina, picha ya mbele na ya ubavuni, vipimo, na maelezo ya fundi. Na maelezo ya fundi huyu, jamani, hayakuwa na adabu. "Bega la kulia limelala kwa kubeba mikoba." "Huyu akipimwa anavuta tumbo ndani, usimwamini."

Kufuli hakuweka. Anwani ya tovuti aliwapa ndugu tu, akaamini kwa moyo mweupe kwamba asiyeelekezwa nyumba hawezi kufika.

Asubuhi moja akiwa anapinda suruali ya mteja, simu ikalia. Alikuwa kaka yake mkubwa, mwalimu mkuu wa sekondari, mtu ambaye hata kikohozi chake wanafunzi walikiogopa.

"We Futi! Umenivua nguo mbele ya shule nzima!"

Wanafunzi walikuwa wameandika jina lake mtandaoni, na jibu la kwanza likawa yeye, kavaa fulana ya ndani, kazungushiwa futi tumboni, na chini yake maneno: "Kitambi kiachiwe nafasi ya mwaka ujao."

Shangazi Futi aliuma midomo asicheke. Halafu kicheko chenyewe kikamkauka. Kama ukurasa wa kaka umeonekana, wa binti wa kaka huyo je?

Binti huyo alikuwa amefanyiwa upasuaji akaondolewa titi la kushoto. Alipona, akapata kazi mapokezi katika hoteli ya mji mwingine, na huko hakumwambia mtu. Alikuwa amechoka kuonewa huruma. Magauni yake aliyashona shangazi, na kwenye ukurasa wake maelezo yalikuwa mafupi, hayana utani hata chembe: kushoto, mfuko wa sponji.

Shangazi Futi aliandika jina la mtoto kwenye simu ya pili. Ukurasa ukatokea, na maneno yale yalikuwa chini ya jina lake, wazi kwa kila mwenye macho.

"Kaka," alisema, "si wewe peke yako. Na mtoto yumo."

Mwalimu mkuu alipozungumza tena, ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Achana na kitambi changu, dada. Hata wakikibandika ukutani. Anza na mtoto."

Aliyafuta maelezo papo hapo. Kisha akaiwekea tovuti amri ya kuzikataza injini za utafutaji zisiingie kabisa. Akatafuta tena, maneno yako palepale. Akatafuta kesho yake, bado yapo. Mwishowe akaimeza aibu, akavuka ukumbi wa jengo wanakofanyia kazi hadi kwa jirani yake anayetengeneza kompyuta, mama mmoja mwenye ulimi mkali.

"Fundi mwenzangu," yule mama alisema akiangalia kioo cha simu, "hii injini ina nakala ya zamani. Wewe umefuta, sawa. Halafu ukaifungia mlango usoni. Sasa itajuaje kama umefuta?"

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Ifungulie iingie, na kila ukurasa ikute tangazo la kuikataza isiuorodheshe. Ikishasoma, itawatoa ndugu zako wote. Hapo ndipo utie neno la siri tovuti nzima, kama ulivyotakiwa tangu mwanzo, mama wewe!"

Kumfungulia mlango aliyekuumbua! Lakini alifungua, wakatuma na ombi la kuharakishiwa. Siku za kungoja aliharibu kola ya mteja na kushona mfuko ukaziba mdomo.

Mchana mmoja akaandika tena jina la mtoto. Likaja jibu la hoteli tu: binti yuko mapokezi, kavaa sare, anatabasamu. Shangazi Futi alishusha pumzi, akaketi juu ya hariri ya watu na kulia kwa raha zake. Kisha akaenda kutia neno la siri.

Binti alipokuja kupimwa gauni jipya, shangazi alimweleza yote, hakuficha kitu. Binti akainamisha kichwa.

"Kuna wa kazini aliyeona?"

"Sijui, mwanangu. Siwezi kukudanganya. Nisamehe."

Binti aliichezea futi iliyoning'inia shingoni mwa shangazi yake. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na shangazi akadhani analia. Kumbe anacheka.

"Juzi nilichelewa kazini. Bosi kanigombeza mbele ya wageni, shangazi, kanigombeza haswa! Kanipa na zamu ya Jumapili. Angekuwa amesoma ule ukurasa, angeniuliza kama nimelala vizuri."

"Basi hajasoma."

"Hajasoma! Hakuna aliyesoma!" Alikuwa akifuta machozi kwa kiganja. "Sijawahi kufurahia kugombezwa hivi."

Shangazi Futi alimkumbatia hadi futi ikawabana wote wawili. Kisha akaivua shingoni.

"Haya, inua mikono nikupime," alisema. "Na Jumapili usichelewe."