Salamu Kwanza, Karatasi Baadaye

Séverine hakuzaliwa na haraka, na hakuna fundi wa Mpanda aliyewahi kumfundisha haraka hiyo. Kwa miaka ishirini na miwili ametunza kumbukumbu za wagonjwa katika kituo kimoja cha afya mjini, na kila asubuhi hutembea kutoka mtaa wa Nsemulwa, funguo za chumba chake zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Chumbani humo mna mashine ya faksi. Vijana wanaicheka. Lakini hospitali kubwa ya mbali inayopima vinyama vilivyokatwa mwilini mwa wagonjwa haitumi majibu kwa WhatsApp. Inatuma kwa faksi, basi.

Na Séverine hapokei faksi bila salamu. Humpigia Benedikto, karani mwenzake wa kule, wakaulizana habari za watoto na mvua, ndipo Benedikto hubonyeza kitufe na karatasi zikaja kwa simu hiyohiyo. Zamani tarakimu moja ya namba ilikosewa, siri ya mama wa watu ikachapwa na faksi ya duka la mbegu, mji mzima ukaijua kabla yake mwenyewe. Tangu hapo Séverine aliapa: asiposikia sauti anayoijua, karatasi haitoki wala haiingii.

Mwaka huu nyaya za zamani ziliondolewa, simu za kituo zikahamia kwenye intaneti. Fundi Osward akafunga kiboksi kipya cha kuunganisha simu na faksi kwenye intaneti. Sauti ikawa safi, faksi ikafa. Karatasi zilitoka nusu, nyingine mistari mitupu.

Angevumilia, ila Jumatano ile kwenye benchi alikaa Egide, mkulima wa Litapunga, mguu wa kushoto umevimba mpaka karibu na goti. Daktari wa upasuaji alikuwa mgeni, anaondoka Ijumaa. Kinyama cha mguu huo kilikuwa kimetumwa kupimwa kansa. Kesho ndiyo siku ya kuukata, na majibu yasipofika daktari hatathubutu kuuacha. Egide alikuja na buti moja tu la mpira, la kulia. La kushoto alimwachia mdogo wake alikate liwe kamba za kufungia mizigo ya baiskeli.

"La nini tena, dada?" alimwambia Séverine. "Nimeshaliaga."

Séverine akarudi chumbani kwake. Akampigia Osward, akamweleza faksi inavyotoa nusu karatasi.

"Mama, nyie mnasalimiana sana," Osward alisema akicheka. "Kiboksi kinasikiliza mwanzo wa simu. Kikikuta watu wanaongea, kinaiminya simu yote kama maongezi. Mlio wa faksi ukija baadaye, nao unaminywa, karatasi zinaharibika. Mwambie atume moja kwa moja."

"Kwa hiyo salamu ndiyo kosa?"

"Kwa kiboksi, ndiyo."

"Basi hakijalelewa. Njoo ukilee."

Osward alipofika alimkuta amefungua kijitabu cha kiboksi, cha Kiingereza, kamusi pembeni, kidole kwenye mstari mmoja. Wataalamu wa mataifa walishakubaliana kanuni, wakaiita T.38: kiboksi kikisikia mlio wa faksi, kielewane na mwenzake wa upande wa pili, karatasi ipite kama karatasi na si kama sauti. Sauti ikipotea kidogo mtu hukisia. Karatasi haina wa kuikisia.

"Hapa wameandika kisikilize mlio wakati wowote," Séverine alisema. "Wewe umeweka kisikilize mwanzo tu."

Osward akakuna kichwa. "Nimefunga hivi ofisi zote. Hakuna aliyelalamika."

"Hawasalimiani hao."

Osward akabadilisha mpangilio wa kiboksi. Séverine akapiga.

"Benedikto, mmeshindaje huko?"

"Salama dada, sijui nyie."

Hakupunguza salamu hata moja. Aliuliza watoto, akauliza mvua. Osward aliangalia saa. Kisha mlio ukaja, taa ya kiboksi ikabadilika, na karatasi zikaanza kutoka, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila herufi imesimama. Sauti ya Benedikto ikarudi palepale.

"Zimefika?"

"Zimefika," Séverine alisema. Macho yalikuwa kwenye ukurasa wa pili. Haikuwa kansa. Ilikuwa fangasi, ya kutibiwa kwa dawa. Kulisema hilo hakukuwa kazi yake, kwa hiyo alimpelekea daktari karatasi, akarudi kusimama mlangoni amebana midomo furaha isimtoke.

Daktari aliongea na Egide kwa muda mrefu. Egide akaitazama miguu yake, mmoja ndani ya buti, mwingine mtupu, kisha akamgeukia Séverine.

"Dada, hiyo simu yako inafika Litapunga?"

"Inafika."

"Mpigie mdogo wangu. Mwambie asilikate lile buti."