Likizo ya Watu Wawili

Nyanchama na Phoebe walikaa chumba kimoja Al Mansoura, mjini Doha, kwa miaka mitatu bila kufahamiana sana. Kwa wanaolinda majengo ya West Bay hilo si jambo la kushangaza. Nyanchama alisimama lobini mwa mnara mmoja tangu asubuhi hadi jioni, na Phoebe akasimama palepale tangu jioni hadi asubuhi. Mmoja alipokuwa macho, mwenzake alikuwa amelala. Walikutana katika zile dakika chache za kupokezana zamu, maana kazi hiyo ina kanuni isiyo na huruma: huondoki mpaka anayekupokea afike. Mengine yote waliambiana kwa ujumbe wa sauti. Chumbani, kila mmoja alimjua mwenzake kama umbo lililofunikwa gubigubi, kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi na mwanga wa dirisha.

Chumba nacho kilikuwa na sheria zake. Taa haiwashwi mtu akiwa amelala. Sufuria haigongwi. Ukipigiwa simu, unanong'ona. Na kwa kuwa kila saa kulikuwa na mtu amelala, chumba hicho hakikuwahi kusikia sauti ya kawaida ya binadamu.

Byron Bay ililetwa na mpangaji mmoja wa orofa ya juu, Mwaustralia aliyekuwa akishuka lobini mara kwa mara kwa sababu alikuwa na huzuni na lifti ilikuwa bure. Alimwambia Phoebe kwamba pwani ya kwao kuna mji mdogo ambamo watu huingia benki pekupeku. Phoebe, aliyekuwa amevaa viatu vya kampuni vya saizi ya karibu na yake, hakulisahau neno hilo.

"Nyanchama," alisema kwenye ujumbe asubuhi hiyo, akiwa ndani ya basi la kurudi. "Kuna mji watu wanaingia benki miguu mitupu."

"Na soja wa benki anasemaje?"

"Nadhani soja yuko baharini."

Wakauchunguza mji huo kama watu wanaotaka kuununua. Kuna mnara wa taa juu ya mwamba, kwenye ncha ya bara lile iliyo mashariki kuliko zote. Kuna nyangumi wanaopita miezi ya baridi wakielekea kaskazini bila haraka. Hakuna maghorofa marefu. Hili la mwisho liliwagusa kuliko nyangumi, kwa sababu pasipo na ghorofa ndefu hakuna lobi, na pasipo na lobi hakuna mtu wa kusimamishwa humo.

Kampuni ilitoa likizo moja kila baada ya miaka miwili. Kwa kawaida mtu huimalizia nyumbani, akihudhuria harusi za watu asiowajua na kuulizwa atajenga lini. Wawili hawa waliamua kuwa likizo hii wataipeleka Byron Bay, wakaomba viza na kukata tiketi. Ukiwauliza, wangekwambia ni kwa ajili ya bahari. Lakini bahari Doha ipo, nyuma tu ya mahoteli. Walichokuwa wakikitafuta ni majuma mawili ya kuwa macho kwa wakati mmoja.

"Hivi mimi hukoroma?" Phoebe aliuliza siku moja.

"Nitajuaje? Ukilala mimi niko kazini."

"Basi tutajua huko."

Hakuna aliyejua kuogelea. Kila mmoja, kwa zamu yake, alikuwa akijaza beseni la kufulia maji, anatumbukiza uso na kubana pumzi, kisha anamtumia mwenzake taarifa. Nyumbani Nyanchama hakumwambia mtu. Phoebe alimwambia mama yake, kule Vihiga, kwa kuwa alimwambia mama yake kila kitu, hata bei ya vitunguu.

Mwezi wa pili, jioni moja, basi la zamu ya usiku lilifika mnarani bila Phoebe. Nyanchama alibaki mlangoni kama kanuni inavyotaka, akampigia, hakupokelewa, akaanza kutuma ujumbe wa sauti. Wa kwanza ulikuwa wa upole. Wa pili ulitaja miguu yake ilivyovimba. Wa tatu ulisema, "Wewe mama yako alikuzaa ukiwa umelala, ama?" Wa nne ulimalizia kwa kicheko, kwa sababu hasira ya Nyanchama ilikuwa haikai: "Ama umeamua kutangulia Australia bila mimi? Haya, nisalimie hao nyangumi."

Alipopatikana mtu wa kumpokea na yeye akafika chumbani, alifungua mlango polepole, akavua viatu nje ili asimwamshe. Hiyo ndiyo hatua aliyokuja kuichukia baadaye. Hata akiwa na hasira, aliingia kwa kunyata, kwa mtu aliyekuwa amekufa tangu mchana.

Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama, jambo ambalo, ukilifikiria, ni kweli kwa kila mtu aliyewahi kufa. Nyanchama ndiye aliyeitwa mochari kumtambua. Alipewa karatasi yenye jina, akaonyeshwa uso, akasema ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza kuutazama uso huo kwa muda mrefu hivyo mchana. Akaomba ruhusa, akamfunga kitambaa cha kichwa cha samawati, kile cha kanisani.

Wakenya wa Doha walichanga, kama wanavyochanga siku zote. Jeneza lilisafiri likiwa limezibwa. Sanduku la nguo Nyanchama alilipanga mwenyewe, na juu kabisa akaweka simu ya Phoebe, aliyoichaji ikajaa, maana aliona si heshima kumpelekea mzazi simu iliyozima. Zile jumbe nne hazikumjia akilini. Blanketi la Phoebe lenye picha ya chui halikutosha kwenye uzito ulioruhusiwa, likabaki kitandani.

Kitanda chenyewe, kile cha dirishani, kampuni ilimpa Kendi pamoja na zamu ya usiku. Kendi alitoka Meru, alisema maneno machache na yote yalikuwa wazi. Aliuliza kama kuna mtu aliyefia hapo, akaambiwa ndiyo, akauliza kama godoro lilibadilishwa, akaambiwa ndiyo, akalala. Alijifunika chui gubigubi. Nyanchama akawa tena na umbo la kuishi nalo.

Mwezi mmoja baada ya mazishi, alfajiri, Nyanchama akiwa kwenye basi, simu yake ililia. Phoebe alikuwa amemtumia picha ya maua ya waridi yenye maandishi: Uwe na Asubuhi Njema Iliyobarikiwa.

Alishuka kwenye basi, akasimama mlangoni pa mnara, akafungulia watu milango hadi jioni. Watu wengi walimwambia asante. Kesho yake yakaja maua mengine, na njiwa. Juu ya skrini iliandikwa kwamba Phoebe yuko hewani. Halafu kwamba Phoebe anaandika. Aliandika kwa muda mrefu, na hakikuja kitu.

Maelezo yake ni mepesi. Fundi wa simu pale sokoni Chavakali, kwao Phoebe, alikuwa ameifungua simu, na mama, aliyekuwa na kile kisimu cha mulika mwizi, cha vitufe na tochi, akaanza kuitumia. Nyanchama aliyajua maelezo hayo kabla hajaambiwa na mtu. Hayakumsaidia. Usiku ule aliota simu ikilia ndani ya beseni.

Siku ya tatu zile jumbe zake nne zilipata tiki za bluu, moja baada ya nyingine. Alizitazama zikibadilika rangi. Wa tatu ndio uliomtaja mama. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, wa mwanamke mtu mzima anayeongea karibu mno na simu.

"Nyanchama mwanangu, ni mimi mamake Phoebe. Nimesikia. Hayo ya kuzaa sijakasirika, hata mimi nilikuwa ninamwambia hivyo. Lakini mbona mlinificha? Wanasema alikufa mchana. Wewe unamwongelesha jioni, unacheka. Nani anacheka na maiti? Unamwambia ametangulia Australia. Na huku kwenye simu imekuja barua ya serikali, kijana amenisomea, inasema ameruhusiwa kuingia. Lile sanduku shemeji zangu walikataa lifunguliwe. Mimi sikuzika uso, mwanangu, nilizika mbao. Kama anajificha, niambie tu. Sitamwambia mtu."

Barua hiyo ilikuwa ya kweli. Viza ya Phoebe ilitoka baada ya mazishi yake, na ilimwagiza asikae zaidi ya miezi mitatu.

Kwa ushahidi tu, hoja ya mama haikuwa mbaya. Kuna watu wamefungwa kwa mambo machache kuliko hayo. Nyanchama alibonyeza kurekodi, akasema "Mama," akafuta. Akabonyeza tena. Maneno ya kusema aliyajua, yalikuwa mafupi: nilimwona mimi. Lakini alikuwa na sauti ile ile, kwenye simu ile ile, iliyokwisha kumtukana marehemu na kumchekea, na sasa ndiyo iliyopaswa kumwua mara ya pili. Aliandika, "Mama nitakupigia." Maua yakaja kila alfajiri, na sasa yalikuja mawili mawili.

Tiketi yake ilikuwa ya mwezi wa sita. Kughairi alikataa. Kusafiri bila kumwambia mama nako alikataa, kwa kuwa mama angeamini ameenda kumfuata Phoebe, na kila picha atakayotuma ya pwani ingetafutwa uso. Alijiwekea sharti: hapandi ndege kabla mama hajajua kwamba Phoebe amekufa.

Ndipo likaja lile ambalo hakumsimulia mtu ila Kendi. Kuna kamera inayoonyesha ufuo wa Byron Bay moja kwa moja, imewekwa kwa ajili ya watu wanaoteleza juu ya mawimbi. Nyanchama alianza kuitazama kazini ili azoee mji. Mlinzi hufundishwa kutambua mtu kwa mwendo kabla ya uso, na asubuhi moja, ambapo huko ilikuwa saa za jioni, alimwona mwanamke akipita mchangani pekupeku, vidole vikitazama nje, mikono nyuma, vile anavyotembea mtu aliyesimama lobini miaka mitatu. Akaikuza picha. Kamera ikageuka kuangalia maji, kama kawaida yake. Iliporudi, ufuo ulikuwa mtupu.

"Yule uliyemfunga kitambaa ni nani?" Kendi aliuliza, akifunga kamba za viatu.

"Ni Phoebe."

"Basi?"

"Basi nimetazama tena leo."

Kendi akamwangalia. "Manze, dada, mwambie huyo mama. Mtakuwa wawili wa kumtafuta."

Akaendelea kuahirisha, kwa sababu nzuri kila mara. Mama alikuwa na homa. Ilikuwa Jumapili. Mtandao ulikuwa mbaya. Hatimaye ikabaki siku moja. Ilikuwa Ijumaa, mchana, sanduku limefungwa, Kendi amelala baada ya zamu. Nyanchama aliketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye mlango, akapiga simu ya video. Jina la Phoebe likaita.

Lilitokea paji la uso, halafu dari la mabati, halafu mama mzima, mwembamba, macho mekundu.

"Nyanchama! Ndiyo wewe? Umekonda. Mbona unanong'ona?"

Hakuwa amegundua kwamba ananong'ona. "Mama, kuna jambo nataka nikwambie. Lilipaswa kusemwa siku nyingi."

"Sema."

"Kuhusu Phoebe."

"Ngoja." Mama alisogeza simu mpaka likabaki jicho. "Kwanza geuza simu. Nataka nione mlipokuwa mnalala. Hilo tu. Halafu useme."

Lilikuwa ombi la haki. Nyanchama aligeuza kamera. Ukaonekana mlango wa kabati, sanduku, dirisha na pazia lake. Kikaonekana kitanda, blanketi la chui ambalo Phoebe alituma picha yake nyumbani wiki aliyolinunua, na chini yake umbo la mwanamke amelala kiubavu, amejifunika gubigubi, akipumua.

Mama hakupiga kelele. Alivuta pumzi, akaishikilia, akaiachia. Alipoongea, naye alikuwa akinong'ona.

"Kumbe yuko hapo."

"Mama, huyo si—"

"Shh. Mwache. Usimwamshe, amechoka." Sauti ilitetemeka kwa furaha ya woga, kama ya mtu aliyebeba kitu cha kuvunjika. "Sitauliza kitu. Ana shida zake, atasema akitaka. Mkifika huko mnitumie picha ya hayo maji. Sasa na mimi naenda nilale. Tangu waniletee lile sanduku, mwanangu, mimi sijalala."

"Mama, subiri. Mama."

Alisema kwa sauti ya chini. Miaka mitatu ya chumba kile ilikuwa imemkaa kooni, na ile sauti ya juu, aliyoihitaji mara moja tu, haikuja. Skrini ilikuwa imeshazima.

Kitandani, umbo lilijigeuza. Kendi akafunua uso, jicho moja.

"Unaongea na nani?"

"Mama Phoebe."

"Umemwambia?"

"Amekuona."

"Ameniona mimi? Nikifanya nini?"

"Ukilala. Amesema uachwe ulale, umechoka."

Kendi aliketi. Alilitazama blanketi lililokuwa magotini pake, akalisukuma mpaka miguuni, akalisukuma tena likaanguka chini.

"Mpigie," alisema. "Mpigie sasa hivi. Nimwonyeshe sura yangu aone mimi ni Kendi."

"Ameenda kulala. Hajalala tangu mazishi."

"Basi kesho."

"Kesho."

"Kesho unasafiri."

"Najua," alisema Nyanchama.

Kendi alijilaza tena, uso juu, hakujifunika. Kiyoyozi kilimpuliza hadi saa ya basi, na hakulala.