Jiko la Joto Pantoni Garsen

Juzi, jua la saa saba, Mzungu mmoja alituzibia njia ya pantoni ya kuvukia mto Garsen kwa nyumba yake ya magurudumu. Hapiti wala hapishi! Yumo ndani anatengeneza jiko la gesi la kupashia chumba joto. Alitikisa mtungi, akapuliza mpira, akawasha kiberiti. Moto ukashika, ukafa.

"Ngoja kidogo," alituambia. "Naenda Nyeri. Huko baridi sana."

Mama wa Kiorma, aliyekuwa akipeleka maziwa ya chai hotelini ng'ambo, aliguna: "Kama anataka joto, kwa nini hatoki nje?"

Hatimaye jiko likawaka. Bwana akatoka mbio, kalowa jasho, akafungua madirisha yote. Mama akafungua kibuyu cha maziwa, akanusa, akakunja pua, akarudi alikotoka.

Baridi ya Nyeri ingemngoja. Maziwa hayakungoja.