Dereva wa Basi na Adadia za Valbai

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Desemba imeukamata mji wa Bhuj, magharibi mwa India, hadi mbwa wa mtaani wamejikunja juu ya majivu ya jana. Nyuma ya stendi kuu ya mabasi, kwenye jiko la uani kwake, Devshi Pindoria amevaa sweta mbili na kofia ya sufu iliyofunika masikio. Anakoroga. Mbele yake kuna karai pana juu ya moto mdogo, na ndani ya karai unga wa choroko nyeusi unakaangwa taratibu kwenye samli.

Hatua tatu nyuma yake, mkewe Valbai ameketi kwenye kiti cha plastiki, shali mabegani, macho ameyafumba. Ananusa.

"Bado," anasema.

Devshi anaendelea kukoroga. Zinapita dakika nne, pengine tano.

"Baba Hansa. Toa."

Karai linashuka motoni papo hapo. Devshi, mwenye umri wa miaka 64, haulizi kwa nini. Anasema aliwahi kuuliza mara moja, alipokuwa mgeni wa kazi hii, na kabla hajamaliza kuuliza unga ukawa umeungua.

Kinachopikwa ni adadia, tamutamu ambazo nyumba nyingi za eneo hili la Kutch huziandaa baridi inapoingia. Unga ukishakaangwa hutiwa sukari guru, lozi, tangawizi kavu, iliki, kungumanga, basbasi, na gundi ya mgunga iliyokaangwa ikafura kama bisi. Mtu akila kipande kimoja asubuhi kwa maziwa ya moto, anatoka nje kifua wazi. Mama aliyejifungua hulishwa hizo. Mzee anayelalamikia magoti, naye hulishwa hizo.

"Za dukani siku hizi wanatia mafuta ya kopo na rangi," anasema Devshi. "Samli ndiyo inayouma mfukoni, kwa hiyo ndiyo wanayoipunguza kwanza."

Miaka mitatu iliyopita asingeweza kusema maneno hayo. Kwa miaka 31 aliendesha basi la serikali kati ya Bhuj na Nakhatrana, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuchemsha hata chai.

"Nilijua tu kwamba jikoni kuna mlango," anasema, "na kwamba chakula hutokea hapo."

Mpishi alikuwa Valbai. Kila mwaka nyumba arobaini za mtaa huo zilimkabidhi kazi ya adadia zao. Lakini mwaka ule, siku nne baada ya sikukuu ya Diwali, alianguka penye bomba la maji akiwa anaosha vyombo. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa siku kumi na moja, akarudi nyumbani mkono wa kulia umekufa ganzi na hana neno hata moja kinywani. Stoo kulikuwa na unga na madebe ya samli, vyote vimeshanunuliwa kwa ajili ya watu.

Dada mkubwa wa Devshi, Kunvarbai, alikuja kuwaona.

"Mdogo wangu, waambie watu mwaka huu hakuna," alimwambia. "Nani atakulaumu? Hizo samli nitakusaidia kuziuza."

Devshi alikubali. Alikuwa amebeba debe la kwanza kulitoa nje wakati Valbai alipoanza kugonga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Aligonga, akagonga, hadi debe liliporudishwa stoo.

"Hakuwa na sauti," anakumbuka Devshi, "lakini matusi yote aliyonitukana niliyasikia."

Kesho yake aliwasha moto mwenyewe. Aliunguza kilo tatu za unga. Moshi ukajaa nyumba nzima, machozi yakamtoka, na alipoingia ndani kuomba radhi alimkuta Valbai anacheka, mdomo umeenda upande, mwili mzima unatikisika.

"Tangu aanguke sikuwa nimemwona akicheka," anasema. "Nikajisemea, kama dawa ni kuunguza unga, basi nitauunguza wote."

Siku ya pili alimhamishia kwenye kitanda cha kamba, akakisogeza hadi mlango wa jiko ili amwangalie. Alikoroga. Unga ulipoanza kubadilika rangi, alinyoosha mkono kuutoa motoni. Ndipo akasikia nyuma yake sauti nzito, kama ya mtu anayeamka usingizini.

"Bado."

Devshi aliacha mwiko akamkimbilia. Valbai alikunja uso, akamwonyesha karai kwa kidole. Akarudi mbio kukoroga, huku analia. Baada ya muda likaja neno la pili: "Toa."

Kwa wiki kadhaa hayo mawili ndiyo yaliyokuwa maneno yake yote. Daktari alipomuuliza kama maumivu yamekwisha, alijibu, "Bado." Daktari alipozidi kumuuliza, Valbai alimtazama mumewe, akamwonyesha daktari, akasema, "Toa."

Mtaani kulikuwa na mengine. Mamad Sama, aliyekuwa kondakta kwenye basi la Devshi kwa miaka ishirini, alikuwa akipita kila asubuhi kumchokoza.

"Dereva, siku hizi gia zako zinanukia iliki."

"Maliza kucheka, Kondakta, uje uonje."

"Nionje nini? Juzi ulinipa kokoto."

Utani wa Mamad haukumuuma. Kilichomuuma ni maneno yaliyosemwa kwenye ukumbi wa jumuiya yao, kwamba mwanamume akishashika mwiko huyo kwisha. Nyumba mbili zilituma ujumbe kwamba mwaka huu zitanunua dukani. Devshi alilala na maneno hayo siku kadhaa, akawaza kuacha. Na kazi yenyewe ilikuwa inamgomea: mara adadia zinakuwa ngumu, mara zinamong'onyoka, mara gundi haikufura vizuri ikanasa kwenye meno.

"Mimi na Mamad tulikula makosa yangu wiki mbili nzima," anasema. "Yeye ana meno mabovu, lakini hakuacha kuja."

Karai la nane likakubali. Valbai alionja, akatafuna polepole, akafumba macho. Alinyoosha mkono kuchukua kipande cha pili.

Januari ile Kunvarbai alikuwa na sherehe ya kumpa mjukuu wake jina kwenye ukumbi huohuo. Ni mama ambaye mtaani wanasema hajawahi kusifu chakula cha mtu. Devshi alipeleka sahani ya adadia, akaiweka katikati ya sahani za wengine, akakaa pembeni kimya. Dada yake alichukua kipande, akala, akachukua kingine.

"Kumbe Valbai amepona na hamniambii?" aliwauliza wanawake waliokaa naye. "Mkono huu naujua."

Mmoja akamwonyesha Devshi kwa kidevu.

"Wewe?"

"Mimi, dada. Nimekoroga tu. Pua ni ya Valbai."

Kunvarbai akainuka, akafunga vipande vitano kwenye ncha ya sari yake, akazunguka ukumbi hadi kwa wanawake wa zile nyumba mbili, akawapa mkononi mmoja mmoja.

"Kuleni," aliwaambia, "mjue mwaka huu mmenunua nini dukani."

Kabla sherehe haijaisha, nyumba zote mbili zilikuwa zimeagiza tena, na nyingine tisa zimeongezeka.

Mkono wa Valbai ulichukua muda zaidi. Hospitali walimpa mpira wa kuminya. Alikuwa akiurusha chini ya kitanda. Lakini adadia hufinyangwa zikiwa na joto, na Devshi akaanza kumwekea donge moja kwenye kiganja cha kulia kila walipopika. Hilo hakulirusha. Baridi ya pili, kidole gumba kilijikunja. Mwaka huu anafinyanga kwa mikono yote miwili. Vipande vya mkono wa kulia hutoka vimepinda kidogo, na kuna wateja wanaoagiza hivyo tu.

Tangu Diwali wamepika kilo 340, wakiuza rupia 720 kwa kilo. Baada ya kununua samli na vingine, kilichobaki kinazidi pensheni yake ya miezi mitatu. Pakiti zao zinafika Ahmedabad na Mumbai, na wiki iliyopita sanduku zima lilipanda ndege kwenda Nairobi, anakoishi binti yao Hansa.

Valbai sasa anazungumza, kwa sentensi fupi. Nyingi ni za kumkosoa mumewe.

"Amekuwa mzuri," anasema, anapoulizwa kuhusu upishi wa mumewe. "Samli anamwaga. Lakini mzuri."

Baada ya sikukuu ya vishada katikati ya Januari, ukumbi uleule uliomsema Devshi utawafungulia jiko lake kwa Jumapili nne. Mke na mume watawafundisha wanaume kupika adadia. Kumi na saba wameshajiandikisha, Mamad akiwa wa kwanza. Wapo wajane wa kiume, wapo wenye wake wagonjwa, na wawili wanasema wazi kwamba wameamriwa na wake zao.

"Nataka mwanamume wa mtaa huu asingoje msiba ndipo alijue jiko lake," anasema Devshi. "Mimi nitakoroga. Mwalimu ni huyu hapa."

Mwalimu ameshatoa sharti. Analitamka taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache, na mumewe anamsubiri bila kumsaidia.

"Wake zao waje. Wakae kwenye viti. Wasiguse kitu." Anavuta pumzi. "Wao waseme tu."