Eufrasia Ametoka Kusindikiza

Ukienda kwa Eufrasia kuazima nyundo, usimwambie mkeo kwamba unarudi sasa hivi. Nyundo utaipata upesi. Kuondoka ndiko kazi. Atatoka na wewe mpaka uani, kutoka uani mpaka njiani, na njiani ndipo atakapokumbuka kukuuliza habari za mama yako mzazi. Amezaliwa Mwamgongo, kijiji cha ziwani, na kule mgeni husindikizwa mpaka majini. Boti ikishaondoka unasimama pale pale mchangani mpaka izunguke rasi. Ukigeuka kabla, watu wa kwenu watakuuliza mgeni alikukosea nini.

Nilifanya naye kazi miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakirudi kwao. Kituo chetu kilikuwa Bangwe, jengo la vyumba vitatu na turubai kubwa uani. Mimi nilikuwa mtu wa jenereta na fagio. Eufrasia alikuwa chumba cha kwanza. Kazi yake ilikuwa kumkalisha mtu, kumsikiliza, na kuandika habari zake kwenye kompyuta, kila mtu na kadi yake. Chumba cha pili alikaa Feliksi, ambaye aliunganisha familia na kutoa orodha ya watakaopanda meli. Chumba cha tatu alikaa mkuu wetu, bwana Theophil, pamoja na kompyuta kubwa iliyotunza majina yote. Nyaya za buluu zilitoka kwake zikapita ukutani hadi kwa wale wengine, kwa hiyo jina alilogusa Eufrasia, Feliksi naye aliliona.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kosa lilipoanza.

Feliksi alikuwa akifungua kadi ya mtu kwenye kioo, anabofya, na kompyuta inalia kama kifaranga kilichokanyagwa. Maandishi yalitokea kwa Kiingereza, naye akatutafsiria: "Kadi hii inatumiwa na mtu mwingine. Jaribu baadaye." Alijaribu baadaye. Mtu mwingine bado alikuwa akiitumia.

Baada ya siku chache huyo Mtu Mwingine alikuwa kama mfanyakazi mwenzetu. Sukari ya chai ikipungua, ni Mtu Mwingine. Kiti kikivunjika, Mtu Mwingine alikikalia. Bwana Theophil yeye hakucheka. Aliamini kuna mtu nje ya nchi anayesoma majina yetu kupitia waya, akaniamuru nifuate waya wote kwa mkono, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Niliufuata. Mwisho wake ulikuwa Feliksi.

Ndipo akaletwa Rodgers, fundi wa kompyuta kutoka Dar es Salaam, kijana mpole mwenye mkoba wa mgongoni na viatu vyeupe. Viatu vile vilidumu na weupe wake mpaka alasiri.

Rodgers alifanya yote anayoyajua. Alibadilisha waya. Alisafisha virusi. Alinituma nizime jenereta na kuiwasha tena. Tukiwasha, kosa limekwisha, watu wanapeana mikono, halafu katikati ya asubuhi linarudi. Na kila nilipozima, Eufrasia alikuwa akirudi kutoka nje, anakuta kioo cheusi, ananitazama kwa huruma kama mtu aliyefiwa. "Dizeli imekuishia tena, kaka?" Kisha anakaa na kuandika upya.

Msifikiri Rodgers hakumuuliza. Alimuuliza siku ya kwanza kabisa, mbele yangu.

"Mama, kosa lilipotokea ulikuwa unatumia kadi yoyote?"

"Mimi? Hapana, baba. Hata ofisini sikuwepo."

Na alisema kweli.

Rodgers akaona basi kuna mtu anayeingia chumbani mwenyewe akiwa hayupo. Akaweka mtego: kompyuta ikiachwa bila kuguswa, kioo kinajifunga chenyewe, na hakifunguki bila neno la siri la mwenye kompyuta. Alikaza pia kwamba mtu asiizime kompyuta kwa nguvu programu ikiwa wazi, kwa sababu majina yote yangeharibika. Mara ya mwisho kuzima jenereta yaliharibika kweli, na tulishinda kutwa tukiyatengeneza, Feliksi akinung'unika kama mama mkwe.

Sasa, kati ya watu waliokuwa wakingoja chini ya turubai alikuwepo mzee Minani. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake la suti alilivaa hata jua la saa saba. Yeye na mkewe Spesiosa walivuka ziwa usiku mmoja wakati wa vita, kwenye mitumbwi miwili tofauti, na mitumbwi ikapotezana. Mzee akaandikwa kambi moja, mkewe kambi nyingine, na huko mkewe akaandikwa mjane. Walikuja kuonana baada ya miaka, sokoni, mzee akinunua chumvi. Lakini kwenye kompyuta Spesiosa alikuwa bado mjane mwenye familia yake mwenyewe, na orodha ya meli ilimpeleka safari nyingine kabisa, kwa magari, kupitia mpaka wa mbali.

"Nilimpoteza ziwani mara moja," mzee alimwambia Eufrasia. "Safari hii sipandi meli kama yeye hayumo. Mkinipandisha kwa nguvu, nitaruka."

"Unajua kuogelea, mzee?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuomba."

Kazi ya kuwaunganisha ilikuwa ndogo. Feliksi afungue kadi ya mzee, aweke jina la mke, basi. Lakini kila akiifungua, Mtu Mwingine anaitumia. Kadi za wengine zilikubali leo au kesho. Lakini kuunganisha Feliksi alikufanya asubuhi tu, na ya mzee Minani haikukubali hata asubuhi moja. Bwana Theophil akaanza kumtazama mzee kwa mashaka, akaniuliza pembeni kama nadhani koti lile lina mfuko wa ndani.

Ikafika siku ya kutoa orodha. Adhuhuri ingepelekwa bandarini, na ambaye hayumo angengoja magari. Asubuhi Feliksi alijaribu kadi ya mzee. Kompyuta ikalia.

"Yuleyule," akasema Feliksi. "Mtu Mwingine hana hata aibu."

Rodgers akakimbilia chumba cha tatu, akafungua kijifaili kidogo ambacho, alisema, huonyesha kompyuta ipi imeingia wapi. Akakisoma. Akakisoma tena. Akatoka polepole, akaenda chumba cha kwanza. Mimi nilikuwa pale nafagia. Kiti kilikuwa kitupu, chai ya Eufrasia bado inatoa mvuke, kioo kimejifunga na kinadai neno la siri.

"Mwenye hapa yuko wapi?"

"Ametoka kusindikiza," nikasema.

"Kusindikiza nani?"

"Mzee Minani. Huja kila asubuhi kuuliza kama ameshaunganishwa na mkewe."

"Na akija, mama hufanya nini?"

"Humfungulia kadi yake, waangalie wote. Humwandikia habari kidogo. Halafu humsindikiza."

Rodgers alikaa kwenye kiti cha Eufrasia. Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Neno lake la siri unalijua?"

"Hapana."

"Na kuizima hatuwezi. Nimekataza mwenyewe." Akainua kichwa. "Humsindikiza mpaka wapi?"

Swali hilo hakuna mtu Bangwe nzima angeweza kulijibu.

Tukatoka. Mlinzi wa lango alituambia wamepita. Kisha wamerudi. Kisha wamepita tena. Rodgers akadhani mlinzi amelewa, lakini mimi nilielewa. Mzee Minani naye alilelewa vizuri. Ukimsindikiza, hawezi kukuacha urudi peke yako, lazima akurudishe kipande. Na Eufrasia hawezi kurudishwa na mzee wa umri ule akamwacha arudi peke yake. Kwa hiyo walikuwa barabarani wanapelekana na kurudishana, kila mmoja akingoja mwenzake achoke kwa adabu.

Tuliwakuta karibu na vichanja vya dagaa. Wakati huo ilikuwa zamu ya mzee kumrudisha Eufrasia.

"Mama," Rodgers akasema akihema, "tafadhali rudi ofisini. Kadi ya mzee umeiacha wazi."

"Najua iko wazi, baba. Mwenyewe hajaondoka."

"Lakini ungeifunga ulipoinuka."

Eufrasia alimtazama kama mtu aliyesikia tusi likisemwa na mtoto asiyejua maana yake. "Wewe kwenu mgeni akiwa bado yuko uani, mnamfungia mlango?"

"Hapana, ila..."

"Na jambo lenyewe hulisema njiani, mwanangu. Kitini watu husema wanachoulizwa. Nikishafunga, lile la njiani nitaliandika wapi?"

Mzee Minani akauliza kijana huyu ni nani. Akaambiwa ni fundi wa kompyuta. Mzee akavua kofia.

"Shikamoo, mzee," Rodgers akasema haraka.

"Marahaba, mwanangu. Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo."

"Wote wawili?"

"Wote."

"Na huko kwenu mvua imenyesha?"

Rodgers alitazama saa. "Mzee, nisamehe. Mkeo hajaunganishwa na wewe kwa sababu hii. Ukija kuuliza, mama anafungua kadi yako. Ikiwa wazi kwake, Feliksi hawezi kuigusa kule. Na haiwi huru mpaka mama arudi kutoka kukusindikiza."

Mzee alifikiri, kofia mkononi. Dagaa walinuka. Mwanamke aliyekuwa akiwageuza aliacha kugeuza ili asikie vizuri.

"Kwa hiyo huyo Mtu Mwingine mnayemtafuta," mzee akasema, "ni mimi."

"Ni wewe na mama."

"Ningekaa nyumbani nisiulize, ningeshapata mke."

"Siku ya kwanza, mzee."

"Basi nendeni," akasema mzee, na kurudisha kofia kichwani. "Nitakwenda peke yangu."

Hakuna aliyeondoka. Eufrasia alitazama chini. Alitaka kwenda, niliona miguu yake inataka, lakini kumwacha mzee katikati ya barabara kama mzigo ulioanguka, hilo hakulijua hufanywaje. Jua lilikuwa linapanda.

Ndipo Rodgers akasema, na nadhani hata yeye alishangaa: "Mama, wewe rudi. Nitamsindikiza mimi."

Eufrasia alimpima kuanzia viatu. "Utamfikisha wapi?"

"Utakaposema."

"Lile jiwe kubwa, mzee analijua. Usimtangulie. Usigeuke kwanza wewe. Akikwambia inatosha, usikubali mara ya kwanza."

"Nikubali ya ngapi?"

"Utaona mwenyewe." Kisha akashika khanga yake, akakimbia. Sikuwahi kumwona Eufrasia akikimbia, na mlinzi wa lango alisimama akidhani kuna moto.

Nilifika nyuma yake. Aliandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, kadi ikatokea, na pembeni yake kulikuwa na picha ndogo ya penseli, alama kwamba mtu bado anaandika. Katika nafasi ya mwisho aliyokuwa ameiacha wazi akaandika lile la njiani: mke anaumwa nyonga, hawezi ngazi, akalishwe sehemu ya chini ya meli pamoja na mumewe. Akasevu. Penseli ikatoweka.

Feliksi alibofya. Kompyuta haikulia. Alingoja kidogo, kama mtu aliyezoea kupigwa, halafu akaita kupitia ukuta: "Mjane amepata mume!" Orodha ikatoka, na bwana Theophil akaisaini amesimama.

Rodgers hakurudi. Orodha ilikwenda bandarini, tukala chakula, na yeye bado. Alitokea alasiri, ana mkungu wa ndizi begani na uso umemwiva kwa jua.

"Ananirudisha," akasema. "Kila nikimfikisha, ananirudisha. Kwenye jiwe nimefika mara nyingi kuliko wenye jiwe." Akashusha ndizi. "Na mama, ulisema kweli. Njiani ameniambia mambo ambayo pale kitini asingeyasema."

Hakusema ni mambo gani, na hatukumuuliza.

Kesho yake alikaa kwenye kompyuta ya Eufrasia, akaongeza kitufe kwenye fomu. Kitufe hicho kilisevu kadi na kuwaachia wengine, na nafasi ya mwisho ungeweza kuijaza baadaye; mpaka uijaze, kadi ilionyesha maneno ya kitufe. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Lakini Rodgers aliwaza sana kuhusu maneno ya kuandika juu yake. "Funga" aliifuta. "Maliza" aliifuta pia. Mwishowe akaandika: *Mgeni yuko njiani*. Eufrasia akasoma, akakibonyeza kwa majaribio, akaridhika. Mtu Mwingine hakuonekana tena, isipokuwa kwenye sukari.

Siku ya meli tulikwenda bandarini. Spesiosa alikuwa mfupi, mwenye maneno mengi, na kabla hajakanyaga meli alikuwa ameshamkosoa mumewe kuhusu koti. Mzee alimshika mkono tangu lango la bandari na hakuuachia hata alipotakiwa kuonyesha karatasi, akazitoa kwa mkono wa kushoto huku akiomba radhi. Wakakalishwa chini, pamoja. Tuliwaona kupitia dirisha dogo, mke akimwelekeza kitu, mzee akiitikia.

Meli ikang'oa nanga. Watu wa ofisi wakaanza kuondoka. Eufrasia alisimama ukingoni, na Rodgers akasimama pembeni yake. Alitazama saa mara moja, kisha akaishusha mikono ya shati ikafunika saa.

Simu yake ikalia. Ilikuwa sauti ya bwana Theophil kutoka kituoni, kubwa, hata mimi niliisikia. Alitaka kufunga hesabu ya siku, na kadi ya Minani na mkewe, ambayo Eufrasia aliiacha hivyo alipotoka, bado inasema mgeni yuko njiani.

"Ndiyo, mkuu," Rodgers akasema. "Bado tunaiona meli."

Akaikata simu, na tukaendelea kusimama mpaka ilipozunguka rasi.