Nyanya za Leo Tu

Juzi asubuhi sokoni hapa Morogoro, bibi mmoja alisimama mbele yangu akaomba nyanya za mlo mmoja. Muuzaji, mama anayeleta mzigo kutoka Mlali, akashika kiuno.

“Shikamoo, bibi. Jamani, kila siku unashuka kilima na hayo magoti! Mwanao si amekununulia friji? Chukua ndoo nzima ya sado, upumzike wiki.”

“Marahaba, mwanangu. Tangu babu yako afariki, nyumba yote kimya. Hilo friji litaniamkia?”

Mama yule akacheka. Akarudisha nyanya ngumu alizokwisha kushika, akalipapasa rundo taratibu, akachagua zilizoiva mpaka zikalegea.

“Haya, hizi hazifiki kesho. Na kesho usipoonekana, nakufuata nyumbani.”

Bibi akazipokea kwa mikono miwili, uso umechanua.

Tunashauriwa sana kutembea kila siku ili tuchangamke. Ni ushauri mzuri, lakini miguu huwa miepesi zaidi unapojua kuna mtu atakayekuulizia usipofika. Sijawahi kumwona mteja akifurahia hivyo nyanya zinazokaribia kuoza.