Kadi ya Dobi, Hali Nzuri Sana

Mimi wauza postikadi wa mtandaoni siwapendi, na sioni sababu ya kuficha. Ukisikia mtu anasema wapo wazuri na wapo wabaya, jua huyo hajanunua. Dada yangu amenunua kwa miaka minne, nami nimekaa naye sebule moja miaka yote hiyo, cherehani yangu dirishani, meza yake ya kadi karibu na mlango. Ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu mawili.

Dada ni karani mstaafu wa posta. Amekaa kaunta miaka thelathini na minane, na humu mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Bi Saba tu. Jina lilianzia kazini. Kila karani alikuwa anakabidhiwa muhuri wake wa chuma wa kugongea stempu, una tarehe katikati na namba chini, anausainia, na mwingine haruhusiwi kuugusa hata kwa bahati mbaya. Wa dada ulikuwa namba saba.

Alijivunia chuma kile kuliko watu wanavyojivunia watoto wao. Mpaka leo mgeni hajamaliza hata chai atahadithiwa: muhuri wa fulani ulikuwa na ukungu, wa fulani ulikuwa unateleza, wa Bi Saba ulikuwa unasomeka. "Herufi zote, tarehe yote," husema, na hapo hupiga meza kwa ngumi kuonyesha. "Unagonga mara moja, unaweka kando, unachukua nyingine."

Sasa msije mkadhani ni mwanamke aliyestaafu akakosa la kufanya. Kadi anazitafuta kwa sababu ya mama yetu.

Mama alikuwa mfuaji na mwanikaji katika duka la dobi, mtaa wa nyuma ya stesheni. Alifariki nikiwa na miezi minane, dada akiwa na miaka kumi. Baba hakutaka kusikia habari za picha. Alikuwa anasema mtu anayetaka kujiona ainame kwenye ndoo ya maji. Kwa hiyo mama aliondoka duniani bila picha hata moja, isipokuwa hiyo ambayo hakuomba kupigwa. Asubuhi moja alikuja mpiga picha, akasimama katikati ya barabara, akaupiga mtaa mzima kwa ajili ya postikadi. Mama alikuwa juu, kwenye roshani ya dobi, anaanika mashuka. Kadi zilipotoka, dobi alibandika moja ukutani juu ya meza ya pasi, na dada aliiona. Anaikumbuka vizuri: mama ameinua mikono, ametazama chini barabarani, anacheka. Baadaye jengo lilibomolewa, dobi akahama, kadi ikaenda na ukuta.

Mimi sura ya mama yangu sijapata kuiona. Nina miaka hamsini na sita, nina wajukuu, na bado. Dada akiniudhi nikakunja uso, hunicheka: "Hapo sasa, mama mtupu!" Nitajuaje? Nikienda kwenye kioo namkuta mwanamke mwenye hasira, basi.

Ndiyo maana dada alipostaafu na kununua simu ya maana, kitu cha kwanza alichotafuta ni kadi ile. Na hapo ndipo tulipoangukia mikononi mwa wale watu.

Wa kwanza tulimpa jina la Hali Nzuri, maana kwake kila kitu kilikuwa "hali nzuri sana". Alituuzia kadi ya mtaa wa jirani, dada alitaka ajue kama ni mpiga picha yule yule. Ikaja imekatwa kona kwa mkasi. Mtu alitaka stempu, akachukua na kipande cha kadi. Dada akamwandikia. Akajibu: "Kona si sehemu ya picha." Khaa! Wa pili aliibandua kadi kwenye albamu kwa kuivuta kama plasta ya kidonda, nusu ya mgongo ikabaki kwenye gundi, na alipoulizwa akasema ukiitundika ukutani mgongo hauonekani. Wa tatu aliikunja katikati ili ienee kwenye bahasha yake. Aliikunja! Dada aliigeuza bahasha ile huku na huku. "Miaka thelathini na minane," akasema, "sijakunja barua ya mtu."

Wa nne alikuwa mwizi wa mchana. Kadi ya miaka hamsini, alisema. Ilipofika ilikuwa inanukia wino mpya, na nilipoisugua kwa kidole kilichoroa, mbingu ilitoka yote ikahamia kidoleni. Nikamwambia dada, jino la pembe si dawa ya pengo, rudisha huu uchafu. Akarudisha. Muuzaji akasema bahasha imefika tupu. Hana haya, hana soni, na chini ya jina lake ana nyota nne na nusu.

Mimi ndiye mwandishi wa dada, kwa sababu herufi za simu ni ndogo na miwani yake ni ya kusomea gazeti. Yeye anatamka, mimi naandika, na matusi naongeza mwenyewe.

Basi. Jumanne moja asubuhi niko kwenye kola za mashati ya shule, dada akapiga ukelele mpaka sindano ikanichoma. Nikakimbia. Amekishikilia kile kisimu kwa mikono miwili. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Mtaa ule, taa ile ya barabarani, duka la dobi, na juu kulia roshani yenye mashuka. Duka la muuzaji liliitwa Hazina za Bibi. Picha yenyewe ndogo kama ukucha, na huyo Hazina za Bibi alikuwa ameandika jina lake kwa herufi nene nyeupe, kimshazari, kutoka katikati mpaka kona ya juu kulia. Yaani juu ya roshani hasa. Ukikaza macho unaona mkono mmoja na shuka.

"Mwambie alete picha isiyo na maandishi," dada akasema.

Nikaandika kwa heshima zote. Jibu: "Picha inajitosheleza."

"Muulize, roshani ina kasoro?"

Jibu: "Hali nzuri sana kwa umri wake."

Nikamwambia dada, huyu anatuuzia mbuzi kwenye gunia, na wewe unalijua gunia lenyewe. Akanitazama. "Mbuzi huyu nitamnunua hata akiwa na miguu mitatu," akasema. "Weka dau."

Mnada ulikwenda siku tatu. Kulikuwa na mjinga mmoja kila tukiweka dau naye anaongeza kidogo, kidogo tu, kama mtu anayekuvuta sikio. Hata sijui alitaka nini, mama si wake. Fedha ya kubadilisha bati la jikoni ikaenda. Tukashinda. Mvua iliponyesha wiki ile tuliweka sufuria chini ya tundu, na hakuna aliyenung'unika.

Ilikuja baada ya siku kumi na tisa. Dada alinawa mikono, akafuta meza, akafungua bahasha upande mmoja kwa wembe. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake. Nilikuwa naogopa, sijui kwa nini, na nilikuwa nimevaa gauni zuri. Akaitoa kadi. Akaitazama. Akaiinua nami nione.

Stempu ilikuwa imebandikwa upande wa picha. Wapo waliokuwa wakifanya hivyo zamani kwa urembo, badala ya kuibandika nyuma penye anwani. Ilikaa kwenye kona ya mbingu, juu kulia. Na muhuri, kwa kuwa lazima nusu yake iikanyage stempu na nusu iguse kadi, ulikuwa umetua kwenye roshani. Duara jeusi, la kutimia. Chini yake niliona gauni lenye vifungo, niliona mikono miwili imeinua shuka, niliona shingo. Kuanzia kidevu kwenda juu palikuwa na tarehe.

Nililia. Sina cha kujitetea, nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikachukua simu, na dada akatamka, na siku hiyo sikuhitaji kuongeza tusi hata moja. "Mwambie ni mwizi. Mwambie aliandika jina lake pale makusudi kuficha. Mwambie ametuuzia uso wa mtu uliopigwa na karani mpumbavu, mwenye mkono wa punda, ambaye hata kama angekuwa kipofu angeweza kuugonga pembeni kidogo!"

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. "Muhuri ni wa posta, si wangu. Kagombaneni na posta. Kurudisha ni ndani ya siku kumi."

"Aa!" dada akasimama. "Anadhani siwezi? Kila muhuri una mwenyewe!" Akaanza kutembea, meza mpaka mlango, mlango mpaka meza. "Huyu ni Kijiko, namba tatu. Alikuwa anagonga huku anakoroga chai. Nilimwambia, Kijiko, iko siku utaharibu kitu cha mtu. Bado yuko hai, ana duka la misumari. Nakwenda leo hii."

"Tunakwenda wote," nikasema, natafuta viatu. "Soma namba kwanza."

Akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama. Akakaa ameinama. Akaigeuza kadi, akasoma nyuma, ambako mtu alikuwa amemwandikia shangazi yake: Tumefika salama, joto kali, wasalimu wote. Akaigeuza tena. Kisha akakiweka kile kioo mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Nikakichukua mimi. Namba ilisomeka. Herufi zote zilisomeka, tarehe yote. Saba.

Mwaka ule wa kwenye muhuri nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Yeye alikuwa na ishirini na mitatu, ndiyo kwanza amepewa kaunta, na ndiye aliyekuwa ananilea.

"Ulikuwa nayo mkononi," nikamwambia.

"Hatukuwa tunatazama picha." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukitazama picha, foleni inafika barabarani. Macho kwenye stempu, ndivyo tulivyofundishwa. Stempu tu."

"Ulikuwa nayo mkononi, dada."

"Kadi mia mbili kwa siku, mdogo wangu..."

"Na jioni unarudi nyumbani nakuuliza mama alifananaje! Kila siku nakuuliza! Na mkono una wino wake!"

Akauficha mkono mgongoni. Nami sikumhurumia, nisiseme uongo. Nyani haoni kundule. Miaka minne ametukana watu kwa kona na kwa gundi, nami nikiandika. Na kilichoniuma zaidi ni ule uzuri wa muhuri wenyewe. Laiti angekuwa Kijiko kweli, na ukungu wake na chai yake, pengine jicho moja lingebaki. Bi Saba hakubakisha kitu.

Siku nne hatukusemezana. Nilishona, yeye alikaa. Chai kila mtu alipika yake. Siku ya tano nikamkuta ameiweka kadi katikati ya vipande viwili vya boksi, ameifunga uzi, ameandika anwani ya Hazina za Bibi kwa ile hati yake ya kaunta.

"Muda wa kurudisha haujaisha," akasema, bila kuniangalia. "Tutarudishiwa. Tutaezeka bati."

Nikachukua mkasi wa kazi, nikakata uzi. "Huyu hatoki hapa," nikasema. Nikamweka mama juu ya cherehani, ameegemea ukuta, mikono juu.

Simu ikalia mezani. Ule ujumbe wao wa kila mara: ununuzi wako umekamilika, tafadhali mpe muuzaji nyota na maoni. Kwa kawaida hapo ndipo tulipokuwa tunafaidi. Nikavuta kiti, nikamwambia dada aje akae. Akaja, akakaa. Sikungoja atamke. Nikaweka nyota tano, nikaandika, nikamsomea:

"Kadi imefika salama. Muuzaji hana kosa. Aliyemharibu mama ni mtu wa nyumbani."

Akarekebisha miwani. "Haya," akasema. "Ipeleke."

Nikamsukumia simu. "Bonyeza wewe. Mkono wako ndio mzoefu."

Najua nilichosema, na nilikusudia kimchome. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kioo cha simu. Akakizuia. Akainua uso, akaitazama ile picha pale juu ya cherehani, akaitazama muda mrefu sana, ndipo akabonyeza.